Namna ya kuandika maoni ya filamu ulizotazama karibuni, za zamani na mpya

Mtu akitazama filamu nne au tano ndani ya wiki mbili, kisha akaketi kuziandikia, aghalabu hutoka na sentensi zilezile kwa zote: hadithi kali, waigizaji wameuvaa uhusika, picha safi, usikose kuitazama. Futa majina ya filamu na msomaji hatajua ipi ni ipi. Kasoro hiyo huanza kabla kalamu haijashikwa. Huanza kwenye uchaguzi wa filamu, kwenye TV iliyoachwa kama ilivyotoka dukani, na kwenye daftari lililobaki jeupe hadi siku ya tatu, wakati kichwani kimebaki kisa tu na picha zimeshayeyuka. Ndiyo maana sehemu kubwa ya maelezo haya ni ya kazi inayofanyika kabla ya kuandika.

Chagua filamu zinazosemezana

Andiko la maneno 700 hadi 900 linabeba filamu nne vizuri. Sita ndiyo mwisho. Zikizidi hapo, kila moja inapata mistari mitatu na andiko linageuka orodha ya sokoni. Katika hizo nne, walau mbili ziwe na uzi unaozifunga: mji mmoja, kazi moja, msiba wa aina moja. Hapo ndipo filamu ya zamani inapolipa, kwa sababu ikiwekwa kando ya mpya, kila moja inaonyesha jambo ambalo peke yake isingelionyesha.

Chukua Touki Bouki ya Djibril Diop Mambéty, ya 1973, na Atlantique ya Mati Diop, iliyopata tuzo ya Grand Prix huko Cannes mwaka 2019. Zote mbili ni za Dakar, zote zina vijana wanaotaka kuvuka bahari, na Mati ni mtoto wa ndugu yake Mambéty. Katika ya kwanza kamera inamfuata Mory, kijana mwenye pikipiki iliyofungwa pembe za ng'ombe kwa mbele, na mpenzi wake Anta, wakisaka kwa ujanja nauli ya meli ya kwenda Ufaransa. Katika ya pili wanaoondoka ni vijana wa ujenzi waliodhulumiwa mishahara, lakini kamera haipandi nao mtumbwini. Inabaki ufukweni na wasichana walioachwa. Miaka 46 imepita, bahari ni ileile, ila macho yamehama kutoka kwa anayeondoka kwenda kwa anayebaki. Hoja hiyo huipati kwa kutazama moja tu, hata uitazame mara tano.

Jozi nyingine, ambayo ndiyo tutakayoirudia hapa chini, ni Ladri di biciclette ya Vittorio De Sica, iliyopigwa Roma na kutoka 1948, na Nairobi Half Life ya David Tosh Gitonga, ya 2012. Antonio anaibiwa baiskeli siku yake ya kwanza kazini. Mwas anaporwa mara tu anaposhuka Nairobi. Zote mbili zinauliza mji unamgeuza nini mtu aliyeibiwa.

Filamu zinazofanana hivyo zisitazamwe siku moja. Acheni pengo la siku mbili au tatu, maana kumbukumbu ina tabia mbaya ya kuchukua shoti ya filamu hii na kuibandika kwenye ile. Makosa mengi ya "nakumbuka kuna sehemu fulani" hutokea hapo. (Shoti, kwa wasioizoea, ni kipande kimoja cha picha kuanzia kamera inapowashwa hadi inapokatwa.)

Usiuziwe mbuzi kwenye gunia

Ubishi mwingi kuhusu filamu za zamani ni wa watu wawili waliotazama vitu viwili tofauti wakidhani ni kimoja. Metropolis ya Fritz Lang ilionyeshwa Berlin mwezi Januari 1927, ikakatwa muda mfupi baadaye, na kwa miongo mingi dunia ikawa inatazama makombo. Mwaka 2008 ikapatikana nakala ndefu zaidi Buenos Aires, na toleo lililounganishwa upya kutokana na nakala hiyo likaonyeshwa 2010. Anayelalamika kwamba wahusika wanapotea bila maelezo huenda analalamikia mkasi tu, na Lang hana kosa. Filamu ya Akira Kurosawa ya 1954 kuhusu samurai saba wanaolinda kijiji ina dakika 207. Ukiikuta ina saa mbili na nusu, ujue umekatiwa.

Kwa hiyo kabla hujabonyeza kitufe cha kuchezesha, linganisha urefu wa faili lako na urefu unaojulikana wa filamu. Tofauti ya dakika moja au mbili ni ya majina ya mwisho, usihangaike nayo. Tofauti ya asilimia 4 hivi, mfano dakika 115 badala ya 120, si kukatwa. Filamu hupigwa kwa fremu 24 kwa sekunde (fremu ni picha moja tulivu, na zikifuatana haraka ndipo tunaona mwendo), na DVD za mfumo wa televisheni wa PAL, ambao ndio uliotumika kwetu na Ulaya, huichezesha kwa fremu 25. Hakuna kilichopotea, isipokuwa kila kitu kinakwenda haraka kidogo na sauti, isiporekebishwa, inapanda wembamba. Tofauti ya dakika 10 na kuendelea ndiyo ya kuitilia shaka.

Toleo jingine la kulitaja wazi ni lile la DJ. Waliokulia kwenye vibanda umiza vya Dar es Salaam wanamjua Lufufu, na Kenya wanamjua DJ Afro. Hawa hawatafsiri neno kwa neno. Wanapunguza sauti ya asili, wanaingiza utani, wanawabatiza wahusika majina mapya, wanamtabiria adui mwisho wake kabla haujafika. Ni kazi ya sanaa yenye haki ya kuandikiwa maoni yake, tena maoni marefu. Lakini ukitazama toleo la DJ huwezi kuhukumu muziki, wala maneno ya mwandishi, wala ukimya, kwa sababu ukimya DJ ameujaza. Andika: "Nimeitazama kwa sauti ya fulani," kisha umhukumu fulani: aliingia wapi, alinyamaza wapi, utani upi ulibadili maana ya shoti. Kosa ni kuchanganya, yaani kumsifu mwongozaji wa Hong Kong kwa kichekesho kilichotungwa Tandale.

Skrini kwanza, hukumu baadaye

Tafuta duara. Gurudumu la baiskeli, sahani, saa ya ukutani. Likionekana yai, TV yako imeivuta picha kwa upana na kila uso unaoutazama umenenepeshwa. Filamu nyingi za kabla ya 1953 zilipigwa kwa umbo linalokaribia mraba, upana 1.37 kwa kimo 1. TV za sasa ni pana, 16 kwa 9. Filamu kama ya De Sica ikikaa sawasawa itaacha karibu robo ya skrini ikiwa nyeusi, nusu kushoto na nusu kulia. Weusi huo si hitilafu, uache. Mwenye haraka huminya kitufe cha kukuza ili skrini ijae, na hapo anakata karibu robo ya picha juu na chini. Vichwa vinapungua nywele, na katika filamu ya zamani ambayo mwongozaji alipanga watu kwa kimo, nusu ya maana imeondoka. Kwenye kompyuta, VLC, programu ya kuchezesha video, hubadili umbo la picha kwa herufi A na kukata kwa herufi C. Ukiona picha imeharibika ghafla, pengine mtoto amezigusa hizo.

Jambo la pili ni ulaini. TV nyingi zinatoka kiwandani zikiwa zimewashwa kitu kinachotunga fremu za ziada kati ya zile 24. LG inakiita TruMotion, Sony inakiita Motionflow, na Samsung imekiita Auto Motion Plus. Kwenye mpira wa miguu kinasaidia. Kwenye filamu kinafanya kila kitu kionekane kama tamthilia iliyorekodiwa sebuleni, na mtazamaji asiyejua chanzo huandika "picha zake za bei rahisi". Kizime. Baadhi ya TV za kuanzia 2020 zina mpangilio uitwao Filmmaker Mode unaozima hayo yote kwa mara moja, na kama upo, tumia huo.

Filamu bubu zina shida yake. Zilipigwa kwa kasi zisizolingana, kati ya fremu 16 na 24 kwa sekunde, na zikichezeshwa zote kwa 24 watu wanakimbiakimbia kama kuku. Mbio hizo si uigizaji wa wakati ule. Tafuta toleo lililorekebishwa kasi, na kama huna, usiandike neno lolote kuhusu mwendo wa waigizaji.

Kwa anayetazama kwa simu: chukua ubora wa kawaida, unaokula hadi GB 1 ya bando kwa saa, badala ya ule wa juu unaoweza kufika GB 3, maana kwenye skrini ya inchi 6 tofauti ni ndogo. Ila filamu zenye giza jingi usizitazame kwa simu mchana. Atlantique ina usiku mwingi, na mwanga wa dirishani ukigonga kioo utaona uso wako mwenyewe tu. Subiri jua lizame, au ihamishie kwenye flashi uipeleke kwenye TV. Faili likizidi GB 4 na flashi ikakataa kulipokea ingawa ina nafasi, imefomatiwa kwa FAT32, mpangilio wa kuhifadhi usiopokea faili kubwa hivyo. Ifomati kwa exFAT baada ya kuhamisha vitu vyako, lakini hakikisha kwanza TV yako inasoma exFAT, kwani za zamani nyingi hazisomi.

Maandishi ya tafsiri yakitangulia au kuchelewa, VLC kwenye kompyuta ya Windows au Linux ina dawa: herufi G huyawahisha, H huyachelewesha, na kila mbonyezo ni sehemu 50 kwa 1,000 za sekunde, kwa hiyo mibonyezo 20 ni sekunde moja. Kama mwanzoni yako sawa kisha yanaachana polepole hadi baada ya saa moja yamepishana karibu dakika mbili na nusu, G na H hazitakusaidia. Ni maandishi ya toleo la fremu 25 yaliyowekwa kwenye filamu ya 24, au kinyume chake. Tafuta faili jingine la maandishi linalolingana na toleo lako. Usivumilie. Mtu anayesoma jibu kabla ya swali hawezi kusema lolote la haki kuhusu mazungumzo.

Daftari

Kabla ya kuanza, andika mstari mmoja: jina la asili, mwaka, mwongozaji, urefu, lugha, toleo. Ukisubiri baadaye utaandika mwaka usio sahihi, na msomaji akiukamata huo hatakuamini kwenye mengine.

Filamu ikianza, usiandike sentensi. Andika dakika na nomino: "14 mashuka", "31 ngazi", "52 anacheka peke yake". Maneno manne yatosha, na alama zisizidi kumi kwa filamu nzima. Anayeandika zaidi ya hapo anatazama daftari. Usisimamishe filamu ili uandike, kwa sababu mwendo wa filamu ni sehemu ya filamu, na ukiukata kila dakika tano utakuja kuandika kwamba inachosha wakati uliyeichosha ni wewe. Kama umeme umekatika katikati, litie hilo kwenye daftari pia.

Ikiisha, kabla ya kugusa simu, jibu maswali matatu kwa robo saa. Shoti ipi ingali machoni? Ni dakika ipi mawazo yalitoka nje ya chumba? Ni kitu gani sikukielewa? Swali la pili ndilo wengi hulikwepa, na ndilo lenye faida kubwa. Uchovu una anwani. "Inachosha" haisaidii mtu, lakini "kuanzia dakika ya 40 hadi 55 watu watatu wanaelezana kisa ambacho tayari tumekiona" ni maoni ambayo hata aliyeitengeneza angeyasoma kwa makini.

Kesho yake, bila kufungua ukurasa wa jana, andika tena kilichobaki, mistari mitano. Kisha linganisha. Utashangaa kuona kisa kimefifia na vitu vidogo vimesimama: mlio wa mlango, rangi ya gauni, mtu aliyepita nyuma. Kilichoonekana kwenye kurasa zote mbili ndicho kitakachofungua andiko lako. Hapo rudia kutazama zile dakika ulizoziwekea alama tu. Kwa filamu moja ni kazi ya dakika 10 hadi 15, nayo ndiyo kinga ya kuandika "anavua kofia" kumbe alivua miwani.

Maoni ya watu wengine yasomwe baada ya hapo, si kabla. Kwa filamu mpya ni muhimu zaidi, kwani inakuja ikiwa imezungukwa na kelele, na usipokuwa na kurasa zako mbili utajikuta unaandika kelele hizo kwa maneno yako.

Kuandika: shoti moja, kisha mengine

Tazama sentensi hii: "Filamu inaonyesha umaskini wa Italia baada ya vita kwa namna inayogusa moyo." Si uongo, lakini ingeweza kuandikwa na mtu aliyesoma maelezo ya nyuma ya kasha. Sasa tazama hii: "Ili baiskeli ikombolewe, Maria anavua mashuka kitandani na kuyapeleka rehani. Mfanyakazi anayachukua na kupanda nayo rafu, kamera inapanda naye, na rafu haziishi, robota juu ya robota la mashuka ya nyumba nyingine. Hakuna anayetamka neno umaskini." Maneno ni machache, na msomaji sasa ameiona filamu. Kamera imefanya hesabu ambayo mazungumzo yangeichosha: si familia hii tu, ni mji mzima unaolala bila mashuka.

Fomula ya kuanzia, ambayo utaivunja ukishaizoea, ni hii kwa filamu moja ya maneno 150 hadi 180: shoti moja kwa maneno 50 hivi, kisa kwa sentensi mbili zisizozidi maneno 40, jinsi kitu kilivyofanywa kwa maneno mengine 40, na hukumu yako kwa yaliyobaki. Wengi hufanya kinyume, kisa maneno 140 na hukumu kumi. Kisa msomaji anaweza kukipata popote. Usizipe filamu zote urefu sawa, maana hiyo ni adabu ya karamu, kila mgeni sahani moja. Filamu iliyokupa taabu kuielewa inastahili maneno 300, na ile iliyokupendeza na kupita kama soda inatosha 50.

Kuhusu uigizaji, "ameuvaa uhusika" ipumzike. Sema alichofanya. Mwas wa Nairobi Half Life, aliyeigizwa na Joseph Wairimu, tunamkuta kijijini akiuza filamu za mapigano kwa kuziigiza mbele ya wateja, mwili mzima, sauti za bunduki akizitoa mdomoni. Kabla hajasema kwamba anataka kuwa mwigizaji, tumeshaona kwamba ni mwigizaji, tena anayefanya kazi bila jukwaa. Andika hivyo, halafu fuatilia: uigizaji huo unamsaidia wapi baadaye akiwa mjini, na unamponza wapi. Hiyo tayari ni hoja ya aya nzima.

Upande wa lugha una hazina ambayo waandishi wa mbali hawana. Ukisikia Kiswahili, Kikuyu na Sheng vikipishana kwenye filamu hiyo, wewe unasikia nani anamdharau nani na nani anajipendekeza, mambo ambayo maandishi ya Kiingereza chini ya skrini yanayalaza yote kwenye sentensi moja iliyonyooka. Vivyo hivyo kwenye Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, ya 2021, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi na iliyowekwa Zanzibar ya miaka ya mwisho ya utawala wa Mwingereza. Siti Amina, mwimbaji wa taarab, yumo miongoni mwa waigizaji. Msikilizaji wa Kiswahili ana uwezo wa kusema kama lafudhi ni ya Unguja au ya kujifunza, kama maneno ni ya miaka ya 1950 au yametoroka kutoka leo, na wimbo unasema nini wakati wahusika wamenyamaza. Andika hayo. Ila usiingie kwenye ule mchezo wa kuhesabu kurasa za riwaya zilizoachwa. Riwaya inaweza kukaa ndani ya kichwa cha mtu kurasa ishirini, filamu lazima imwonyeshe akifanya kitu. Swali zuri ni: kile kilichoachwa kimebadilishwa na nini?

Filamu ya zamani na kipimo chake

Usiiangalie kwa huruma, kama mzee anayepishwa njia, wala usiipe sifa kwa sababu ya umri. Uliza walikuwa na vifaa gani, nini kilikuwa kigeni wakati ule, na nani aliruhusiwa kushika kamera.

Midomo isiyolingana na sauti ndiyo lalamiko la kwanza la watazamaji wapya. Katika filamu za Italia za wakati wa De Sica sauti ilikuwa kawaida kurekodiwa studio baada ya kupiga picha. Lamberto Maggiorani, anayeigiza Antonio, alikuwa mfanyakazi wa kiwanda na si mwigizaji wa kazi. Alichaguliwa kwa uso na mwendo wake, na hivyo ndivyo vya kuvitazama.

La Noire de... ya Ousmane Sembène, ya 1966, inaonyesha jinsi kikwazo kinavyoweza kuwa mtindo. Kwanza mazingira: kwenye makoloni ya Ufaransa ya Afrika, amri ya Laval ya 1934 iliweka kibali juu ya kila anayetaka kupiga filamu, na Waafrika wakabaki nje kwa miaka mingi. Sembène anatengeneza filamu hii miaka sita tu baada ya uhuru wa Senegal, nayo ina urefu wa kama saa moja. Diouana, mfanyakazi wa ndani aliyepelekwa Antibes, ameigizwa na Mbissine Thérèse Diop, lakini sauti tunayoisikia ni ya Toto Bissainthe, mwimbaji wa Haiti. Mtazamaji wa haraka ataandika "sauti haikai mdomoni". Mwenye daftari ataona kwamba mbele ya mabwana zake Diouana anajibu maneno mawili matatu, na ndani ya kichwa anaongea kirefu, kwa ufasaha, kwa hasira. Sauti kutokukaa mdomoni ndiyo hali yake nyumbani humo. Weka alama pia kila mara kinyago kinapoonekana: nani anakishika, kimetundikwa ukuta gani, kinaishia mkononi mwa nani. Alama hizo peke yake zitakuandikia aya.

Hadithi ya Tokyo ya Yasujirō Ozu, ya 1953, dakika 136, ndiyo inayowashinda wengi katika dakika 20 za mwanzo. Wazee wawili wanakwenda kuwatembelea watoto wao, na watoto wana kazi. Kamera imekaa chini, kimo cha mtu aliyeketi mkekani, na haina haraka ya kuinuka. Dawa ni kuitazama ukiwa umekaa chini na wewe, si kwa utani, macho yako yapate kimo kilekile. Ni majira ya joto, kila mtu ana pepeo mkononi. Angalia pepeo inaposimama. Mara nyingi hapo ndipo mtu amesikia neno lililomchoma.

Bila kumwaga mtama

Kisa kisivuke theluthi ya kwanza, yaani kama dakika 30 kwenye filamu ya dakika 90. Kanuni hii inazihusu na za zamani. Filamu ya 1948 ni mpya kwa anayeitazama leo usiku, na hoja ya "si imeshatoka miaka mingi" ni ubinafsi. Tulizoea mtaani kwamba steringi hafi, hivyo kumwambia mtu kwamba safari hii anakufa ni kumdhulumu kitu halisi.

Lakini mwisho wakati mwingine ndio hoja yenyewe. Tafuta njia ya pembeni. Kwa De Sica, jina linatosha: Ladri ni wingi, wezi, si mwizi, ingawa Marekani filamu ilisambazwa kwa jina la umoja. Mwambie msomaji ahesabu wezi, umwachie hapo. Ikishindikana kabisa, weka aya ya mwisho yenye onyo mstari wake wa kwanza, na usichanganye siri ya filamu mbili kwenye aya hiyo moja.

Kupanga na kutoa

Usizipange kwa tarehe ulizotazama, wala kutoka kongwe hadi mpya, kwani mpangilio huo unamfanya msomaji aruke hadi ile aliyoisikia. Anza na fupi, yenye shoti kali. Jozi yako iwe katikati, na sentensi ya kuvuka kutoka moja kwenda nyingine ibebe ule uzi, mfano kutoka rafu za mashuka za Roma kwenda kwenye DVD anazochuuza Mwas. Filamu dhaifu iwe ya pili kutoka mwisho, kwa maneno machache na sababu moja iliyo wazi, dakika zake zikiwa zimetajwa. Ya mwisho iwe ile ambayo bado hujamalizana nayo.

Nyota tano kwa tano hazina kazi kubwa hapa. Ukizitumia, zitumie kwa filamu zote na ueleze tatu maana yake nini, kwa sababu kwa wengine tatu ni sifa na kwa wengine ni tusi. Linaloweza kumsaidia msomaji zaidi ni mstari mdogo chini ya kila filamu: jina la asili, mwaka, mwongozaji, dakika, lugha, toleo ulilotazama, na ulitazamia wapi, ukumbini, TV au simu.

Kabla ya kutoa, soma kwa sauti na utie mstari chini ya kila "nzuri", "kali", "imenigusa" na "kwa kweli". Kila moja ibadilishwe na kitendo kilichoonekana au sauti iliyosikika. Zitakazogoma kubadilika, zifute. Andika tarehe juu. Mwezi ukipita, soma tena bila kuitazama filamu. Utakapobadili mawazo, usifute ulichosema, ongeza mstari chini wenye tarehe mpya na utaje dakika iliyokubadilisha.